Staili Iliyokataa Mwisho

Mpiga kinanda Vidole alibonyeza kitufe cha kusimamisha, kinanda kikanyamaza, lakini ngoma ikaongeza pigo moja. Kama mtu anayekohoa nyuma ya mlango.

"Umesikia?" mkewe, mwimbaji wake, akanong'ona.

"Mashine ikichoka hujikwaa. Tuendelee."

Maneno ya mtu mwenye la kuficha hayo. Kinanda chenyewe ni kama vile vya siku hizi: unabonyeza kodi, sauti kadhaa kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto, na ngoma, besi na gitaa vinakufuata kama vifaranga. Mpangilio huo wa ala ndio staili, na ile aliiunda Vidole, ila ngoma yake ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa huyo mkewe, aliyekuwa akipiga naye harusini tangu ujana. Alimwita sebuleni: "Shemeji, piga kidogo tujaribu mashine." Akamrekodi mwanzo, akamrekodi katikati, na vile vipigo vya kuvukia ubeti. Kisha, kabla hawajafika mwisho wa wimbo, akamwambia abebe ngoma yake aende, mashine imeshamjua. Jamani, hata punda hutuliwa mzigo kwanza! Kipande cha mwisho akakikata kwenye staili nyingine, akakibandika. Mwaka haukugeuka, shemeji akafa na kinyongo chake.

Basi mchana ule wa mazoezi, wimbo ulipofika ukingoni, Vidole akabonyeza kitufe cha mwisho. Mwisho ule wa kubandika haukuja. Ngoma ilirudi mwanzo, na mke naye akarudi mwanzo, mdomo haufungiki. Chumba kikanuka ngozi ya ngoma iliyooteshwa moto. Vidole akaifuta ngoma kwenye staili, ikapiga. Akachomoa waya ukutani, ikapiga. Akakipindua kinanda kifudifudi, nayo ikapiga kwa kasi zaidi, huku mkewe akiimba bila kupata pa kuvutia pumzi, macho yamemtoka, mishipa ya shingo imesimama, mpaka akautambua mkono wa kaka yake, akamkaba mumewe shati na kuugeuza ubeti.

"Mwambie ulichomfanyia," aliimba, "mwambie kabla sijafa."

"Shemeji, nilikosea kidogo..."

Ngoma ikapanda.

"Kidogo?" aliimba mke. "Umemwaga chai?"

"Nilikuibia mikono yako," Vidole akalia. "Nikakufukuza hujamaliza. Malizia, shemeji."

Mwisho ukapigwa, taratibu, wa maringo, ambao Vidole hakuwahi kuusikia. Mdomo wa mkewe ukafungika.

Vidole akafuta jasho. "Tutafute mganga, mke wangu, atutolee jini hili."

"Jini gani? Jini ni wewe." Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Matangani nilikuuliza kwa nini kaka aliacha kuja kupiga. Ukanijibu amechoka."

Akajifunga mtandio, akatoka. Majirani waliokuwa barazani walimwona akipita peke yake, na nyuma yake wakasikia ngoma ikimfuata hatua kwa hatua, bila mpigaji. Waliwavuta watoto ndani, wakafunga milango. Yeye hakugeuka, wala hakuharakisha.