Maji ya Mfuko

Samaki wa tangi kubwa la kioo waligoma kula. Wote walijibana upande mmoja, kama wanaoukimbia ukuta wa chumba cha kulala. Kinyozi, aliyewafuga, akawanyunyizia chakula, kikazama, kikaoza. Akasema ni hali ya hewa. Asiyetaka kujua hakosi hali ya hewa ya kusingizia.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na kioo kidogo cha karantini. Samaki mgeni hachanganywi na wenyeji siku anayofika. Mfuko wake huachwa uelee mpaka joto la maji lilingane, kisha samaki huchotwa kwa wavu, yeye peke yake, akatengwa, asije akaleta maradhi. Maji ya mfuko humwagwa. Kinyozi aliyajua hayo kama alivyoujua wembe. Lakini yule samaki mweusi alifika amelala ubavu, anatweta, na Kinyozi, mjane asiye na mtoto, akamwonea huruma.

"Mgeni hanyang'anywi mzigo wake mlangoni," akasema, akammimina kwenye kioo kidogo pamoja na maji ya kwao. Huruma ya mpweke ina macho mabovu.

Tangu hapo chumba kikanukia mafuta ya nywele ya marehemu mkewe. Kisha, mchana mmoja alipojinyoosha kitandani, kioo kikagongwa kwa ndani, taratibu, kama kwa ukucha.

"Bwana Mkubwa," sauti ikasema. "Umekula?"

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo ila marehemu mkewe. Badala ya kukimbia, akajibu, "Bado."

Basi kuongea na sauti ile ikawa ndiyo kazi yake. Duka akalifunga mapema, na wateja wakawa wanatoka wamenyolewa upande, kama majani yaliyotafunwa na mbuzi. Dada yake mkubwa, mshona nguo asiye na subira, akamfuata nyumbani.

"Unaongea na nani humo?"

"Polepole, dada. Atasikia."

"Nani? Marehemu tulimzika, na wewe ndiye uliyeshika koleo!"

"Ananiuliza kama nimekula."

"Mimi sikuulizi?"

"Unauliza, dada. Mguu mmoja ukiwa nje."

Dada akamsukuma kando. Akampita, akaingia chumbani, akaona kitambaa juu ya kioo, akakifunua, na maji yaliyokuwa yametulia yakaanza kuinuka polepole katikati, bila kumwagika, yakijikusanya kama kichwa kinachojitoa kwenye shuka, huku samaki mweusi akizunguka ndani yake pale ambapo jicho lingekaa, na harufu ya mafuta ikamjaa puani mpaka akahisi nywele za mtu zimemgusa mdomo. Akatoka mbio. Kiatu kimoja kikabaki.

Alirudi na mganga, mama mkavu, mchache wa maneno.

"Maji ya mfuko uliyamwaga wapi?"

Kinyozi akainama. Mganga akatikisa kichwa, akasoma alichosoma, kioo kikapiga kelele kama sufuria inayokwanguliwa, kisha maji yakalala. Akayabeba, akayamwaga juani mpaka ardhi ikakauka. Samaki akahamishiwa maji safi, samaki tu, hana kosa.

"Lililokuja na maji yale limetoka," akamwambia dada. "Sasa asiliite. Na asilale peke yake."

"Nitakuja kulala hapa," dada akaahidi. "Nimalizie sare za watu kwanza."

Sare zikaleta sare, na dada hakuja. Nyumba ikanyamaza. Samaki wa kioo kikubwa walikula, wakacheza, wala hakuna aliyemuuliza Kinyozi kitu. Akapika, akakiangalia chakula, akakifunika. Jioni akasimama katikati ya chumba kitupu, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi:

"Mke wangu? Sijala."

Kesho yake dada akaja na godoro kichwani. Ndani akasikia kicheko cha watu wawili. Akabisha. Mlango ukafunguliwa na Kinyozi mwenyewe, peke yake, nywele zimepakwa mafuta zinang'aa, anatabasamu. Akafungua kinywa, na sauti ya marehemu ikatoka humo, laini, yenye furaha:

"Karibu, wifi. Leo ingiza miguu yote miwili."