Lango Lililolegea

Kila asubuhi kabla ya shule, Sidra alikunywa chai ya maziwa, akala chapati ya paratha, kisha akabeba vifaa vyake vya ukipa hadi klabu ya mpira wa magongo ya mtaa wao, mjini Gojra, Pakistan. Zamani mjomba Latif, mtunza uwanja, alimpokea kwa utani: "Kipa wetu, leo utafungwa mangapi?" Tangu aje Meneja Shaukat, utani ulikwisha.

Meneja huyo alikuwa mkali kama pilipili. Latif alipomwambia kwamba paa la stoo linavuja, alimfokea mbele ya watoto. "Wewe kazi yako ni kuleta mikosi tu? Neno jingine, uende kwenu." Mpishi wa klabu alikwishaacha kazi kwa ajili ya ukali huo. Waliobaki waliinamisha vichwa na kuitikia, "Sawa, bwana."

Asubuhi moja Sidra aliegemea nguzo ya lango alilokuwa akililinda, ikayumba. Chini, chuma kilikuwa kimeliwa na kutu.

"Mjomba, lango hili litaanguka."

"Nimeliona, mwanangu."

"Mbona hujasema?"

Latif alivua kofia, akaipapasa. "Nina watoto wa kulisha. Mwambie kocha."

Kocha Nighat alitupia jicho mlango wa ofisi. "Jana niliomba mipira, nikaitwa mjinga. Ngoja nivizie siku ametulia."

Siku hiyo haikuja. Sidra akajikaza, akaenda mwenyewe. Meneja hakuinua hata macho.

"Watoto hawaingii humu. Toka."

Akatoka. Alichoweza ni kuwaonya wenzake wasiliguse lango.

Alhamisi, upepo wa vumbi ukivuma, rafiki yake Aqsa aliufuata mpira golini. Akateleza, akajishika kwenye wavu. Lango likamwangukia mkononi. Sidra alikivuta chuma kwa nguvu zake zote, lakini hakikusogea, huku Aqsa akimwita kwa jina, mpaka watu wazima walipokuja kukiinua.

Hospitalini, ambako Latif na Sidra walimsindikiza Aqsa, Meneja alifika akitoka jasho. "Nani alijua lango ni bovu?"

Sidra akasogea mbele, akasema, "Sote tulijua, bwana. Mimi nilikuja ofisini, ukanifukuza."

Meneja akamgeukia Latif. "Hata wewe?"

"Hata mimi. Nilikuogopa."

Meneja aliketi kwenye benchi, karibu na Latif. "Nami nilidhani mnaniheshimu," alisema.

Malango mapya yalijengwa. Meneja aliwaomba radhi wafanyakazi mbele ya watoto walewale waliomsikia akifoka, akamfuata mpishi nyumbani kumbembeleza arudi. Kila Jumatatu aliketi na wafanyakazi wote, akaanza kwa kuuliza, "Nini kimeharibika?" Mara za kwanza hakuna aliyejibu. Baadaye Latif akalitaja tena paa la stoo, nalo likazibwa.

Mkono wa Aqsa ulipona, ila haukunyooka vizuri. Mchezo akauacha.

"Laiti ningepiga kelele siku ile ofisini," Sidra alimwambia kocha akilia.

Kocha Nighat alimkalisha kando yake. "Hapana, mwanangu. Mzigo ule ulikuwa wetu watu wazima, tukakuachia wewe. Lakini shika hili: kiongozi anayeogopwa hupata salamu nyingi na habari chache. Siku ukipewa watu uwaongoze, waongoze hivi kwamba hata mfagizi aweze kukuambia, 'Hapo umekosea,' na kesho yake aje kazini bila hofu."