Nanasi, Ndoo, Nane Mbili, Kiti

Kila asubuhi ya mkutano, kabla viti havijapangwa, shangazi yake Chiriku aliuzunguka ukumbi huku ameinamia simu yake kama mtu aliyeangusha sindano. Alisimama kwenye kila kona, akapanda jukwaani, akaenda mpaka kwenye viti vya nyuma wanakokaa wachelewaji. Kila aliposimama aliitazama simu, akaguna, kisha akasogea. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi, na hakuna mteja aliyekodi bila kuhojiwa. Mtakuwa wangapi? Kila mtu anakuja na simu ngapi? Mtasoma tu, au mtaonana na mtu aliye mbali?

"Watu wanakumbuka viti na vikombe," alizoea kusema. "Mtandao hawaukumbuki mpaka ukatike."

Kwa sababu hiyo ukumbi ulikuwa na mitandao miwili. Mmoja uliitwa Wageni, na neno lake la siri lilibandikwa ukutani ili kila mtu alione. Wa pili uliitwa Jukwaa. Huo ulitengwa kwa ajili ya mzungumzaji peke yake, na neno lake la siri lilijulikana na watu watatu tu: shangazi, fundi wa mitambo na Chiriku.

Chiriku alikuwa darasa la sita. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hata hivyo alikuwa hodari, na siku za mikutano yeye ndiye aliyewasha kompyuta ya jukwaani na kuandika lile neno. Lilikuwa refu, basi ili asilisahau alilitia katika mahadhi ya kuruka kamba: nanasi, ndoo, nane mbili, kiti. Alilikariri moyoni tu, na kwa muda mrefu halikumtoka.

Lilimtoka siku ya Alhamisi, nyuma ya ukumbi, walipokuwa wakicheza. Rafiki yake aliyeitwa Pengo, kwa ajili ya jino lake la mbele, alikuwa akihangaika na simu ya kaka yake.

"Mtandao wenu unatambaa kama konokono," alisema.

"Huo ni wa wageni. Mimi naujua wa jukwaani."

"Thubutu. Nani akupe siri wewe, na mdomo huo?"

Wenzao wakacheka. Chiriku angeweza kucheka nao, mambo yakaishia hapo. Lakini kuitwa mwongo kwa jambo la kweli kulimchoma. Akamvuta Pengo kando na kumwimbia sikioni.

"Uape humwambii mtu."

"Naapa," alisema Pengo, na siku ile huenda alimaanisha.

Jumamosi ukumbi ulijaa wakunga. Walitoka zahanati za mbali na karibu, kila mmoja na mwanasesere wa mpira mkononi. Daktari bingwa, aliyekuwa nchi nyingine, alikuwa awafundishe kwa video namna ya kumsaidia mtoto mchanga aliyezaliwa bila kupumua. Asubuhi na mapema fundi alipima mtandao, shangazi akapima baada yake, na kila kitu kilikuwa shwari. Chiriku aliandika neno la siri akaketi pembeni, amejaa fahari.

Somo lilianza vizuri. Daktari alimlaza mwanasesere wake, na ukumbi mzima ukawalaza wa kwao. Akamwinua kidevu, nao wakainua. "Sasa tazameni vidole vyangu," akasema, "hapa ndipo wengi wanapokosea."

Hapo hapo picha ikaganda. Vidole vya daktari vilibaki hewani, mdomo wake wazi. Wakunga walibaki wameinama juu ya wanasesere wao, macho kwenye skrini, wakingoja. Picha ilishtuka kidogo, ikaganda tena, kisha skrini ikawa nyeusi.

Mkunga mkuu, mama mnene mwenye sauti ya upole, alisimama. "Msimamizi, kulikoni? Daktari ana saa hii moja tu. Nina wenzangu hapa wamesafiri tangu jana kwa ajili ya vidole vile."

Shangazi alikuwa ameshafika kwenye meza ya mitambo. Fundi alifungua kompyuta yake, akatazama, na rangi ikamtoka usoni.

"Dada, kuna simu zaidi ya thelathini kwenye mtandao wa Jukwaa."

"Thelathini? Wanaangalia nini?"

"Sinema, mpira, michezo. Wameumaliza wote."

Shangazi alipigwa na butwaa. Alimtazama fundi, akasema taratibu, "Neno lile tunalijua mimi na wewe." Wala hakugeuka upande wa Chiriku. Hakumhesabu kabisa, kwa jinsi alivyomwamini, na kuaminiwa kule kulimkata Chiriku maini kuliko tusi.

"Sijampa mtu, dada. Ngoja nilibadilishe, ni..."

"Usiguse kitu. Weka funguo mezani uende nyumbani. Nitaita fundi mwingine."

"Atafika saa ngapi huyo? Daktari atakuwa ameshaondoka."

"Nimesema funguo."

Fundi aliweka funguo mezani. Chiriku alitaka kusema, lakini ulimi ulikuwa umeganda kama ile picha. Labda si Pengo, alijidanganya. Labda ni watu wengine kabisa. Akatoka kwa mlango wa nyuma ili aone kwa macho yake.

Alichokiona kilimkausha mate. Ukuta wa ukumbi ulikuwa umeegemewa na watu mwanzo hadi mwisho: vijana wa mtaani, wanafunzi wa shule yao, hata muuza maji aliyeketi juu ya ndoo yake, wote wameinamia simu. Lakini hao hawakumshtua kama vitoto vitatu vya chekechea vilivyokuwa vikiruka kamba uwanjani, vumbi likitimka miguuni, vikiimba kwa sauti kubwa bila kujua vinaimba nini:

"Nanasi, ndoo, nane mbili, kiti! Nanasi, ndoo, nane mbili, kiti!"

Chiriku aliziba mdomo kwa mikono miwili. Siri aliyoinong'ona sikioni mwa mtu mmoja, sasa hata asiyejua kusoma alikuwa akiirukia kamba. Pengo, aliyekuwa ukutani, alimwona akainamisha kichwa. "Nilimwambia kaka tu," alisema kwa sauti ndogo.

Chiriku aligeuka akakimbia, akamkuta fundi ameshika kitasa cha mlango mkubwa, akamkamata mkono na kumrudisha mpaka mezani.

"Shangazi, si yeye. Ni mimi. Nilimpa Pengo."

Shangazi alimtazama kama anayemwona mtoto wa watu. "Wewe?" aliuliza. "Wewe Chiriku?"

"Mimi. Nilitaka wajue kwamba naijua siri. Nisamehe, shangazi. Kaka fundi, nisamehe." Machozi yalimshuka, naye hakuyafuta.

Shangazi alizichukua funguo, akamrudishia fundi kwa mikono miwili. Fundi hakungoja kuambiwa. Alibadilisha neno la siri, na kule nje wakasikika watu wakilalamika ukuta mzima. Punde skrini ikawaka. "Mnanisikia?" aliuliza daktari. "Basi turudi kwenye vidole." Wanasesere wakainuliwa tena, na somo likaendelea mpaka mwisho.

Wakunga walipokuwa wakifunga mizigo, mkunga mkuu alimwita Chiriku. "Sisi kazini tuna methali yetu," alisema. "Mficha uchi hazai. Wewe leo uliona aibu mbele ya ukumbi mzima, lakini kama ungeificha, yule kijana angelala bila kazi na sisi tungerudi bila somo. Kumbuka tu kwamba safari nyingine utakapotamani kujionyesha, atakayelipa kwanza ni mtu mwingine, si wewe."

Fundi alikuwa akikunja nyaya. "Funguo hazikuniuma, dada," alimwambia shangazi bila kuinua macho. "Kilichoniuma ni kwamba hukuniuliza hata swali moja."

Shangazi aliketi kwenye kiti cha karibu. "Nimepima kila kona ya ukumbi huu leo," alisema, "halafu nikamhukumu mtu bila kupima chochote. Niwie radhi, mdogo wangu." Kisha akamgeukia Chiriku. "Nawe sikia. Neno la siri tumeshalibadilisha, ni kazi ya dakika moja. Imani haibadilishwi hivyo, mwanangu. Hiyo utairudisha polepole, mkutano kwa mkutano, na mpaka hapo utapanga viti."

"Sawa, shangazi," alisema Chiriku. Akaanza na safu ya nyuma, ile ya wachelewaji, huku kutoka nje vitoto vikiendelea kuimba.