Mashine Iliyosaga Hewa

Baada ya kumzika dada yake, msagaji alipata alichokuwa akikililia: robo saa ya kimya kila adhuhuri. Alizima mashine, akawafungia wateja mlango, akajilaza juu ya magunia matupu. Wiki ya tatu, akiwa amelala hivyo, akasikia kikombe cha bati kikigonga ukuta wa chumba cha nyuma. Ko. Ko. Ko.

"Panya," akajiambia.

Panya gani huyo anayehesabu mpaka tatu, akangoja kuitikiwa, akaanza upya?

Chumba kile kilikuwa cha marehemu. Ndiye aliyemlea msagaji mama yao alipokufa, akauza cherehani yake ili mdogo wake apate mashine. Miguu yake ilipopooza akalazwa mle nyuma, akapewa kikombe cha kugongea akitaka maji au kugeuzwa. Mashine ikinguruma nani angemsikia? Kwa hiyo aligonga adhuhuri, ikizimwa. Kimya kile kilikuwa riziki yake pia.

Mdogo wake akaona anaibiwa usingizi. Akawa anaiwasha mashine tupu, bila punje, anajilaza huku inasaga hewa. Kelele isiyomwomba kitu, kwake ilikuwa kimya. Wanawake waliopanga foleni na ndoo zao nje walijua: mashine ikilia nyepesi vile, hakisagwi kitu mle ndani ila mtu. Walijua, wakanyamaza, kisha msibani wakalia kuliko wafiwa. Dada alikutwa ameshika kikombe, mdomo wa kikombe umepondeka kwa kugongwa ukutani.

Sasa, akiwa amekwisha kuzikwa, aligonga kila adhuhuri. Ikafuata harufu ya dawa ya kuchua, kali, kama ametoka kupakwa. Kisha sauti.

"Mdogo wangu. Nigeuze."

Mke wa msagaji alikuwa mlangoni. "Baba watoto," akanong'ona, "umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Mbona umejifunika gunia, basi?"

Mganga akaletwa. Akaingia chumba cha nyuma kwa madaha, akatoka bila madaha.

"Ni jini?" mke akauliza.

"Jini ningelirudisha kwao. Huyu yuko kwake, nimpeleke wapi?" Akamgeukia msagaji. "Akigonga, itika. Nenda umgeuze, mpaka achoke mwenyewe."

"Nimgeuze nani? Kitanda kitupu kile."

"Ingia, utajua kama ni kitupu."

Hakuingia. Akaiwasha mashine tupu, na safari hii hakuizima adhuhuri wala jioni. Akaketi chini yake, shavu kwenye bati linalotetemeka, akila hapo na kusinzia hapo, maana kila mkewe alipopunguza mwendo ili vyuma visipasuke kilisikika kikombe, na harufu ile ikazidi kuja na vumbi la unga mpaka wateja wakahamia kwa msagaji mwingine, wakabaki wawili hao na mngurumo, na nyuma ya ukuta yule ambaye hakuwa na haraka hata kidogo.

Siku ya tisa mashine ilianza kutoa moshi. Mkewe akavuta swichi.

"Unataka kutuchoma?" akasema.

Msagaji aliutazama mdomo wa mkewe ukifunguka na kufungika. Akapiga ndoo teke; ikabingirika bila mlio. Masikio yamekufa. Akacheka, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye unga usoni mwake. Kimya cha maisha, bure.

Kisha kicheko kikamkatikia. Akainua kichwa, kama mtu aliyeguswa bega.

"Naam, dada," akasema.

Mkewe hakuwa amesikia chochote. Kwake nyumba ilikuwa imetulia kabisa, hata kikombe. Akamwona mumewe akiingia chumba cha nyuma, akamsikia akiguna kama anayegeuza mzigo mzito. Akatoka akihema, mikono inanuka dawa. Hata kuketi hakuwahi.

"Naam, dada. Nakuja."

Mkewe alimwita kwa sauti kubwa, akamshika shati, akamwita tena sikioni. Msagaji alikuwa akimsikiliza mtu mmoja tu.