Pumzi Kwenye Spika

Haya sikuyaokota njiani. Jirani yangu Zdravka, fundi wa redio wa hapa hapa mjini Gabrovo, alinisimulia mwenyewe. Ilikuwa siku moja kabla ya arobaini ya mumewe Metodi, na amplifaya ya kanisa, ile mashine ya kukuza sauti, ilikuwa imekufa. Chipu yake haitengenezwi tena viwandani, kwa hiyo Zdravka akapachika ya aina mpya. Spika ikaanza kuhema.

"Mama, kesho nimwombee mzee wako au nishindane na pumzi za spika hii?" padri akamtania.

"Kawashe mishumaa yako, baba. Hii niachie mimi."

Padri akaenda zake akicheka. Zdravka akachomoa maikrofoni. Bado. Akaziba tundu la amplifaya ambamo sauti huingilia. Bado: fu, fu, fu. Akamkumbuka Metodi, alivyokuwa akipuliza mara tatu kila tone la risasi ya moto alilolehemu ili ligande upesi, naye Zdravka akimfokea, "Acha, mzee, utaliharibu!"

Akaichomoa amplifaya kwenye umeme, akaing'oa chipu, akalehemu upya waya mmoja uliolegea kwa tone moja la risasi. Kanisani hapakuwa na mtu wala upepo.

Spika ikapuliza: fu, fu, fu. Na lile tone la risasi, kabla halijaganda, likabonyea mara tatu.