Gogo la Gari la Baba

Kila jioni baba aliporudi kazini, kitu cha kwanza kusikika getini hakikuwa honi. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Gogo!"

Hapo aliyekuwa karibu aliacha alichokuwa akifanya, akakimbilia penye pipa la maji, akalichukua gogo na kulisukumiza nyuma ya tairi. Ua wa nyumba yao ulikuwa na mteremko unaoelekea getini, na ng'ambo ya barabara palikuwa na mtaro mpana wa maji ya mvua. Asubuhi gari likitoka, gogo lilirudi kando ya pipa. Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile, na haikuvunjwa hata siku moja.

Baba alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani. Miaka kumi na mmoja alibeba vifaa vyake kwenye baiskeli, mvua yake, jua lake, hadi aliponunua gari. Lilikuwa na miezi minne tu tangu litoke dukani, na viti vyake bado vilikuwa na nailoni. Siku za joto nailoni ile iliwaganda mapajani, lakini ole wake atakayethubutu kuivua.

"Shemeji, hivi viti unamtunzia nani?" mjomba alikuwa akimtania. "Kuna mgeni anakuja ambaye sisi hatumjui?"

"Wewe cheka tu. Kitu kizuri kinatunzwa."

Na kweli baba alikitunza, tena kupita kiasi. Hata breki ya mkono aliivuta nusu tu. Alisema breki ukiikaza kila siku inachoka upesi, na kwa kuwa gogo lipo, ya nini kuisumbua? Mama, ambaye alikuwa muuguzi, alicheka akamwambia kwamba kwa hesabu hiyo na yeye angekuwa anapumua nusu ili mapafu yasichoke.

Mjomba alikuwa kaka wa mama. Aliishi nao, katika chumba kidogo cha uani, na kazi yake ilikuwa kuchonga funguo pale kwenye lango la soko. Ndiye aliyempa mpwa wake jina la Chiriku, kwa sababu msichana yule wa darasa la sita hakujua kunyamaza. Aliongea akila, aliongea akifagia, na mama aliapa kwamba aliongea hata usingizini. Mjomba na Chiriku walikuwa chanda na pete. Siku za mpira, mjomba alimwomba shemeji yake ufunguo, akakaa garini kusikiliza redio, na Chiriku akakaa kando yake kumuuliza maswali mpaka mpira uishe.

Jumamosi moja mchana mama alikuwa zamu hospitalini. Baba alikwenda kwa miguu kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, na mjomba alikuwa amelala chumbani kwake. Chiriku alibaki uani na karatasi mkononi. Alikuwa amechaguliwa kusoma habari za shule mbele ya wazazi siku ya kufunga muhula, na mjomba alikuwa ameahidi kukaa mstari wa mbele kabisa.

Akataka kujizoeza kwa vitendo. Jukwaa la shule lilikuwa limeinuka kidogo, basi na yeye akatafuta kitu cha kusimamia. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye gogo. Alilivuta taratibu, akalitazama gari. Gari halikutikisika.

"Nitalirudisha sasa hivi," akajisemea.

Akalipeleka nyuma ya jiko, akasimama juu yake na kuwasomea habari kuku watatu. Alipotaka kusahihisha neno moja, kalamu ikagoma kuandika. Akatoka mbio kwenda dukani kununua nyingine, geti akaliacha wazi.

Alikuwa anapokea kalamu aliposikia kishindo. Mwenye duka alisema, "Hamadi! Nani huyo tena?" Chiriku hakungoja kujua. Moyo wake ulishajua.

Gari lilikuwa limeserereka kinyumenyume, likatoka getini, likavuka barabara na kutumbukia mtaroni. Lilikuwa limegonga nguzo ya umeme. Nyuma kote kulibonyea, kioo kilimwagika chini chote, na tairi moja lilipinda likatazama upande wake. Bahati iliyoje, hakuna mtu aliyekuwa akipita. Mjomba alikuwa tayari yuko pale, kifua wazi, macho mekundu ya usingizi, mkono kwenye mlango wa gari akichungulia kama kuna mtu ndani.

Watu walikuwa wanajaa. Chiriku alipenya katikati yao, akaingia uani, akaenda nyuma ya jiko. Akalibeba gogo akaliweka kando ya pipa. Kwa nini alifanya vile, hata yeye hakujua vizuri. Aliona tu kwamba gogo likikutwa nyuma ya jiko, kesi ni yake.

Baba alifika akihema. Alilizunguka gari mara mbili, akashika kichwa. Kisha akaingia uani kutafuta gogo, akalikuta kando ya pipa, mahali linapowekwa gari linapotolewa. Akageuka polepole kumtazama mjomba.

"Shemeji, ulijichongea ufunguo wa gari langu?"

"Ufunguo? Nilikuwa nimelala, shemeji! Nimeamshwa na kishindo."

"Na gogo nalo liliamka likaenda lenyewe kwenye pipa?"

Mjomba alilitazama gogo. Akamgeukia Chiriku. "Hebu mwambie baba yako, mwanangu. Wewe ulikuwepo. Uliniona mimi garini?"

"Mimi nilikuwa dukani," Chiriku alisema.

Lilikuwa jibu la kweli. Aliling'ang'ania usiku kucha akijaribu kujifariji kwamba hakusema uongo, na halikumfariji hata kidogo.

Siku ya pili mjomba alifunga virago. Alibeba mashine yake ya kuchonga funguo begani na mfuko wa nguo mkononi, akapanga chumba karibu na soko. Mama alilia. Huku mume, huku kaka, angemshika nani amwache nani?

Gari lilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe. Baba alijaza fomu ya kampuni ya bima akiwa na hasira zake zote. Fomu iliuliza ni nani aliyekuwa na gari wakati wa ajali. Baba aliandika, "Shemeji yangu." Mkaguzi wa bima akaja, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Akapiga picha gari, geti, mteremko, na gogo. Akaondoka, kukawa kimya. Baba alirudi kwenye baiskeli.

Siku ya kufunga muhula Chiriku alipanda jukwaani. Mstari wa mbele palikuwa na kiti kimoja kitupu. Alisoma kwa sauti ndogo hata mwalimu akamwashiria mara tatu apaze. Nyumbani nako alikuwa kimya kama maji ya mtungi. Mama alimpima homa, hakuiona.

Wiki ya tatu ikaja barua. Kampuni ilikuwa imekataa kulipa, kwa kuwa aliyekuwa na gari hakuwa na leseni ya udereva.

"Nakwenda huko huko ofisini kwao," baba alisema.

"Nenda na mtoto," mama akamwambia. "Hali chakula, haongei. Labda akitoka kidogo atachangamka."

Ofisi ya bima ilikuwa na kaunta ndefu na feni iliyolia kila ilipozunguka. Mkaguzi aliwakaribisha viti, akafungua jalada.

"Bwana fundi, umeandika mwenyewe kwamba shemeji yako ndiye aliyekuwa na gari. Hana leseni. Mkataba hauturuhusu kulipa."

"Mama, nimelipia bima hii bila kuchelewa hata siku moja. Sasa nimekosa gari, nimekosa na ndugu. Nifanye nini?"

Mkaguzi alivaa miwani yake. "Kuna njia moja. Kama alilichukua bila ruhusa yako, hilo ni jambo jingine. Unasaini maelezo haya, yanakwenda polisi. Kampuni inakutengenezea gari, kisha inamfuata yeye alipe."

"Polisi?" baba akauliza. "Ni kaka wa mke wangu."

"Ndiyo maana nakwambia fikiri kwanza. Akishikwa, kashikwa."

Baba aliitazama ile karatasi. Alifuta jasho kwa kiganja, akaitazama tena. Mikono yake ilikuwa na sugu mpya za baiskeli. Mwishowe akashusha pumzi, akaichukua kalamu.

Chiriku aliona ncha ya kalamu ikiigusa karatasi. Akamwona mjomba akisukumwa kwenye gari la polisi, mbele ya soko zima, huku akiuliza, "Nimefanya nini?" Akapiga moyo konde.

"Baba, usisaini!"

Wote wawili walimgeukia.

"Mjomba alikuwa amelala. Gogo nililitoa mimi. Nilisimama juu yake nyuma ya jiko nikisoma, halafu nikaenda dukani, na geti nililiacha wazi mimi. Gari lilipoanguka nikalirudisha gogo kwenye pipa. Nilimwona mjomba anasingiziwa, nikanyamaza. Mimi, baba. Ni mimi."

Akaangua kilio. Feni iliendelea kulia na yeye. Baba aliweka kalamu chini kwa uangalifu. Chiriku alingoja kofi, na kofi halikuja. Angependa lije.

"Bwana fundi," mkaguzi alisema, "ulimwona shemeji yako garini?"

"Sikumwona."

"Sasa mbona uliandika?"

"Niliona gogo kwenye pipa."

"Na breki ya mkono uliivuta?"

Baba alijikuna shingo. "Niliivuta... nusu."

"Nusu?"

"Isichoke."

Mkaguzi alivua miwani akamtazama kwa macho makavu. "Breki imetengenezwa ichoke, bwana, ili wewe upumzike." Akatoa fomu mpya akaisogeza mbele yake. "Andika upya. Andika ulichofanya na ulichokiona, basi. Ulichodhani usiandike. Mtoto naye atasimulia yake, uyaandike kama alivyoyasema."

Baba aliandika. Mkono wake ulisita kwenye ile nusu ya breki, lakini akaiandika.

"Sasa nisikilizeni," mkaguzi alisema alipomaliza kusoma. "Gari kuserereka kwa sababu ya watu kusahau ni ajali, na ajali ndiyo tunayoilipa. Sehemu kidogo ya gharama mtabeba wenyewe kwa uzembe wa breki. Mngeeleza hivi siku ya kwanza, gari lingekuwa gereji zamani."

Chiriku aliyasikia maneno yale, yakamchoma. Wiki tatu zote alizojificha, alikuwa anaficha kitu ambacho kampuni ingekilipia.

Kutoka pale baba hakushika njia ya nyumbani. Alimshika Chiriku mkono wakaenda moja kwa moja sokoni. Mjomba alikuwa ameinamia mashine yake, ikitoa cheche. Alipowaona aliizima.

"Shemeji," baba alisema mbele ya wateja waliosimama pale, "nimekukosea. Nilikuita mwizi, na hukuiba. Nisamehe."

Chiriku naye akasema yake yote, kilio kikimkatiza. Mjomba alimsikiliza huku akigeuzageuza ufunguo uliokuwa bado haujachongwa.

"Siku ile nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Watu wote walikuwa pale. Nilikuuliza wewe, kwa sababu nilijua wewe hata kitu kidogo hakikai mdomoni mwako. Nikasema, mwanangu atanitetea." Akauweka ufunguo kwenye mashine. "Nimewasameheni. Wote wawili. Haya, nendeni nyumbani, wateja wananingoja."

Akaiwasha mashine.

Gari lilirudi baada ya miezi miwili, limenyooshwa na kupakwa rangi. Ukilitazama kwa mbali huoni kitu. Lakini mlango wa nyuma haukufunga tena vizuri, sharti uubamize. Baba aliivua nailoni ya viti kwa mkono wake mwenyewe, na breki akaivuta mpaka mwisho, kila siku. "Gogo!" bado aliita. Siku hizi alishuka kwanza kuhakikisha limekaa.

Mjomba hakurudi kuishi uani. Alikuja Jumapili, akala, akacheka na mama. Jumapili moja kulikuwa na mpira, na baba akamtupia ufunguo. "Shemeji, karibu, kasikilize redio."

Mjomba aliudaka, akautazama, akamrudishia kwa adabu. "Fungua tu dirisha, shemeji. Hapa hapa nje nasikia vizuri."

Akavuta kigoda, akakaa mbali kidogo na gari. Chiriku alikimbilia jikoni kwa mama, machozi yakimlengalenga.

"Mama, mjomba si alisema ametusamehe?"

"Ametusamehe, mwanangu."

"Sasa mbona haingii garini?"

Mama aliweka sahani aliyokuwa akiikausha. "Kwa sababu aliumia. Msamaha hauondoi maumivu siku hiyo hiyo, mimi naona hospitalini kila siku, jeraha limefungwa lakini mtu bado anachechemea. Nisikilize. Kulitoa gogo lilikuwa kosa la kitoto, mtu yeyote angeweza kulifanya. Lakini ulipoliona kosa lako limemwangukia mwenzako ukanyamaza, hapo ulifanya kosa jingine, kubwa kuliko gari. Baba yako naye akaandika asichokiona, akafanya lake. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa lingali dogo. Ukichelewa utasema tu, lakini utakuta limeshawaumiza watu."

"Nimechelewa, mama."

"Umechelewa, lakini umesema. Sasa nenda kakae naye."

Chiriku alichukua kigoda cha pili, akatoka uani. Alikiweka kando ya mjomba, nje ya gari, akakaa. Alitaka kuuliza ni timu gani iliyokuwa ikiongoza, akasita.

Mjomba alimtazama kwa pembe ya jicho. "Haya, uliza," alisema. "Najua una maswali."