Kimya Chini ya Maporomoko

“Umeshamwambia?” dada yangu aliandika.

“Bado. Ndiyo nashuka.”

“Usilainike. Mwanaume anaambiwa ana mtoto, anageukia ukutani analala? Kadi za harusi tutazichoma, aibu itapita.”

Nikaitia simu mfukoni, nikaendelea kushuka ngazi za mawe. Zilikuwa zimelowa, na kadiri nilivyoshuka ndivyo ngurumo ya maji ilivyonikaa kifuani. Mchumba wangu alikuwa chini kabisa, kwenye daraja la mbao, akiwaongoza wageni. Wenzake kazini walimwita Mlingoti kwa urefu wake, na mimi nililipenda jina hilo hata kabla sijampenda mwenyewe.

“Watu huniuliza ni maporomoko gani marefu kuliko yote duniani,” alikuwa akiwaambia kwa sauti ya juu. “Wengi watakutajia Angel, kule Venezuela. Karibu kilomita nzima. Maji yakianza safari kule juu, mengine hayafiki chini, yanageuka ukungu njiani. Wengine wanabisha, wanasema Tugela ya Afrika Kusini ndiyo marefu zaidi. Wapimaji bado wanazozana. Haya ya kwetu hayamo hata kwenye ugomvi wao, lakini hebu tazameni juu.”

Wageni wakatazama. Hata mimi, na hasira zangu zote, nikatazama. Maji yalitokea mahali ambapo shingo inachoka, meupe, yakija taratibu kana kwamba hayana haraka na mtu.

“Mbona yanaonekana kama yanaanguka polepole?” aliuliza mama mmoja aliyesimama nyuma yake.

Hakujibu. Mama akarudia. Mlingoti akaendelea na hotuba yake kama hakuna aliyesema kitu. Nikajisemea moyoni, kumbe hata wageni anawanyamazia, basi ni tabia.

Wageni walipopanda kwenda kunywa chai, akaniona. Akatabasamu, na lile tabasamu likazidi kunipandisha hasira.

“Umekuja bila kuniambia, fundi,” alisema. Mimi hushona mapazia, naye hajawahi kuniita jina jingine.

“Nimekupigia simu mpaka nimechoka.”

“Nilikuomba uwe unaandika meseji. Huku kuna kelele.”

“Na nyumbani nako kuna kelele?”

Alikuwa ananikazia macho usoni, kama kawaida yake. Zamani nilidhani ni mapenzi.

“Kuna mwanamke mwingine?” nikamuuliza.

“Hakuna.”

“Basi nieleze. Simu hupokei. Nikikuita sebuleni hugeuki. Na juzi nimekwambia jambo zito kuliko yote niliyowahi kukwambia, ukalala.”

“Jambo gani?”

Swali hilo lilinikata maini.

“Unaniuliza mimi jambo gani?”

“Juzi wakati gani?”

“Umeme ulipokatika. Nilikwambia huku nalia, Mlingoti. Ukajifunika shuka.”

Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyefumaniwa. Mimi nikaona nimeshajibiwa.

“Harusi haipo,” nilisema. “Usinifuate.”

Na kweli hakunifuata. Nilipogeuka kutoka kwenye ngazi nilimwona ameegemea ukingo wa daraja, kichwa amekiinamisha juu ya mikono yake. Vizuri, nikasema, naye aumie. Lakini nililia njia nzima mpaka kwenye kibanda cha chai kule juu.

Ndipo king'ora kilipolia.

Kila mkazi wa mji wetu anakijua. Maana yake mvua imemwaga huko juu mtoni, maji yanakuja, na aliye bondeni atoke. Wageni waliacha vikombe wakakimbilia getini. Bosi wa Mlingoti, mama mnene mwenye filimbi shingoni, alisimama kwenye ukingo wa genge akipiga kelele.

“Mlingoti, toka darajani! Toka!”

Mlingoti hakutikisika.

“Ana nini huyu?” bosi aliniuliza. “Mmegombana?”

“Nimemwacha sasa hivi.”

“Mungu wangu. Anataka kujiua.”

Na mimi nilidhani hivyo hivyo. Bosi akapuliza filimbi kwa pumzi zake zote, na king'ora kikarudia, na mimi nikawa namtazama Mlingoti mgongoni. Hata bega halikushtuka. Mtu anayetaka kufa bado anasikia, bega lake lingeruka tu, apende asipende.

Simu, sebule, yule mama wa swali, kile kitanda gizani. Vyote vilinijia kwa mpigo mmoja.

“Hasikii,” nilisema.

Sikumbuki nilivyoshuka. Maji chini ya daraja yalikuwa yameshageuka rangi ya matope, na mbao zilitetemeka chini ya miguu yangu. Nikamgusa mgongoni, akaruka kama aliyeumwa na nyuki. Sikusema neno. Nikamwonyesha juu. Alitazama mara moja tu, akanikamata kiunoni, tukakimbia. Tulipokuwa katikati ya ngazi, daraja likaondoka na maji. Niliona mbao zikipita.

Kwenye kibanda niliziba mdomo wangu kwa kiganja ili nimjaribu.

“Tangu lini?” niliuliza.

Akabaki kunitazama. Nikaondoa kiganja, nikarudia.

“Mwaka wa pili sasa,” alisema. “Daktari anasema masikio yamechoka. Sauti nene nazipata kidogo, nyembamba zimekwisha. Yako ndiyo iliyotangulia kuondoka. Nakusoma midomo tu.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungeolewa na kiziwi asiye na kazi? Pale chini kila mtu ni nusu kiziwi, fundi. Tunapaza sauti, tunaongea kwa mikono. Pale tu ndipo nilipokuwa sawa na wenzangu.”

“Na siku ile ya giza?”

“Nilijua unaongea, pumzi yako ilikuwa inanigusa shingoni. Niliogopa kuuliza. Nikajifanya nimelala.” Akafuta uso. “Ulisema nini?”

Nilitamani kumwambia pale pale. Nikajizuia.

“Kwanza mwambie bosi.”

“Atanifukuza.”

“Leo ungekufa peke yako. Kesho utakufa na wageni wa watu.”

“Tufunge ndoa kwanza. Nakuomba. Nikishaoa nitasema.”

“Ndoa ya hivyo mimi siifungi.”

Akainuka, akamwendea bosi.

“Nimepuliza filimbi mpaka kifua kinauma,” bosi alifoka.

“Sikuisikia, mama. Sisikii. Ni muda mrefu.”

“Ulikuwa unashusha watu wangu kule na king'ora hukisikii?”

“Ndiyo, mama.”

“Vua koti la kazi. Hushuki tena kule. Mengine tutaongea nikitulia, kwa sasa nitakutukana bure.”

Alirudi kwangu na shati lililomganda mwilini.

“Nimesema,” aliniambia. “Haya, na wewe sema.”

Nikamshika uso kwa mikono yote miwili.

“Nina mimba yako.”

“Rudia.”

Nikarudia. Akakaa chini kwenye jiwe bichi, akalia kwa sauti ambayo mwenyewe hakujua ni kubwa kiasi gani, na wageni wote getini wakageuka kutazama.

Kadi hazikuchomwa. Bosi alipotulia alimweka getini awe anawaeleza wageni njia kwenye ramani, kwa mshahara pungufu, na siku ya harusi alikaa mbele kuliko shangazi zangu. Dada, yule wa kuchoma kadi, alianza kulia kabla hatujaingia ukumbini.

Mfungisha ndoa alikuwa mzee wa maneno mengi na kipaza sauti amekibana mdomoni. Alipofika kwenye swali lenyewe, Mlingoti akanyoosha mkono.

“Samahani, mzee. Masikio yangu hayafanyi kazi. Shusha hicho kipaza sauti, swali silioni.”

Minong'ono ikapita ukumbini. Yeye hakuijali. Mzee akashusha kipaza sauti, akauliza upya, taratibu, na Mlingoti akasubiri mpaka neno la mwisho.

“Nakubali,” alisema. Kisha akanigeukia. “Na wewe ukijibu, nijibu nikikuona.”

Nikakifunua kitambaa cha shela usoni, nikamjibu.